Tonge la Usalama

"Umma unatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu ijayo hofu haitaruhusiwa ndani ya treni za jiji. Abiria mwenye hofu anaombwa kuimaliza nyumbani kabla ya kukata tiketi. Mamlaka ya Mwendo wa Reli inawahakikishia wananchi kwamba usalama upo, ulikuwepo, na utaendelea ku..."

Hapo kipaza sauti cha kituo kikanyamaza. Mtu alikuwa ameondoka na waya.

Ato, yaani Bwana, Mezgebu Alemneh, aliyeliandika tangazo hilo kwa mkono wake mwenyewe, hakufadhaika alipopewa habari. Suala la waya lilihusu Kitengo cha Usalama, kilichokuwa ghorofa ya chini ya makao makuu, chumba kimoja na choo, chenye watumishi wawili waliokuwa wakipokezana tochi. Yeye alikuwa Mkuu wa Kitengo cha Hisia za Usalama. Hicho kilikuwa ghorofa ya nne, kina zulia, kina mashine ya kahawa ya makyato, na kina watumishi wengi kiasi kwamba wengine walikuwa hawajaonana. Haikuwa ajabu. Usalama ni taa na milango inayofunga, vitu ambavyo fundi yeyote anaviweza. Hisia ni jambo la kitaalamu.

Safari ya kitaalamu ilikuwa ndefu. Mwanzoni kitengo kiliwauliza abiria kama wanajisikia salama, na wengi walijibu kwa maneno ambayo dodoso halikuwa limeyatengea nafasi. Waliojibu "salama kabisa" walikuwa wachache. Uchunguzi ukaonyesha kwamba ni wale vijana wanaopanda mikono mitupu na kushuka na mikoba miwili miwili. Ato Mezgebu akaagiza maoni yao yapewe uzito zaidi, kwa kuwa ndio abiria wanaoitumia huduma kutwa nzima. Hata hivyo asilimia ilikataa kupanda.

Ndipo kitengo kilipoacha kuwauliza watu na kuanza kuwatazama. Iligunduliwa kwamba abiria mwenye hofu huvaa mkoba kifuani na kuukumbatia kwa mikono miwili, na asiye na hofu huuacha mgongoni. Wahesabu mikoba wakaajiriwa, wakavishwa vizibao vya manjano, wakasambazwa kwenye mabehewa. Matokeo yalitisha. Kwa jinsi watu walivyotuna vifuani, ungedhani treni nzima inakaribia kujifungua.

Ato Mezgebu alitafakari siku tatu, kisha akatoa waraka: mikoba yote ivaliwe mgongoni, na atakayekaidi atashushwa. Asubuhi ile ile waraka ulipoanza kazi, hisia za usalama zilipanda kuliko wakati wowote tangu reli ijengwe. Wizi nao ulipanda, ila huo ulikuwa ghorofa ya chini.

Mambo yangeishia hapo kwa heri, kama si Weyzero, yaani Bibi, Fantaye Gessesse, Mkaguzi Mkuu kutoka ofisi ya jiji, mwanamke mrefu, mkali, asiyecheka hata akisikia habari njema. Aliisoma ripoti, akaandika pembeni neno moja: "Nyuso?"

Akaeleza kwa simu. Mikoba alikuwa ameiona kwenye picha, iko mgongoni, amefurahi. Lakini watu wenyewe walikuwa na nyuso za wagonjwa wanaosubiri sindano. Akasema atakuja mwenyewe mwezi wa Pagume, apande treni pamoja na Mkuu wa Kitengo na watu wa televisheni, matangazo yaende moja kwa moja. Kwa kalenda ya nchi hii, Pagume ni mwezi wa kumi na tatu na una siku tano tu. Serikali hupenda kufanya tathmini zake humo, ili hata zikichelewa zisichelewe sana. Mwezi huo ukiisha ni mwaka mpya, na mwaka mpya ndio teuzi. Treni ikionekana haina hofu, Ato Mezgebu atakuwa Naibu Mkurugenzi, na atapewa gari jipya lenye vioo vyeusi. Hofu ikionekana hata usoni mwa mtu mmoja, atanyang'anywa na lile la zamani, aanze kuja kazini kwa treni kama mtumishi mwadilifu.

Wazo hilo la mwisho lilimnyima usingizi.

Maana Ato Mezgebu hakuwa akipanda treni. Alikuwa ameipanda mara moja tu, siku ya uzinduzi, akashuka na kiatu kimoja. Tangu siku hiyo, kila asubuhi dereva wake, Tolosa, aliyemwita Gashe kwa heshima kama watu wanavyomwita mkubwa wao, alimpeleka kwa gari hadi nyuma ya kituo kilicho karibu na ofisi. Yeye alikuwa akipanda kwa ngazi ya nyuma na kushuka kwa ngazi ya mbele katikati ya abiria waliotoka kwenye treni, huku akijifuta jasho na kujinyoosha koti kama mtu aliyebanwa. Wafanyakazi wake wakimwona hivyo walisema, tazama kiongozi anayesafiri na wananchi. Naye hakuwasahihisha, kwa kuwa hisia hazisahihishwi.

Jibu la tatizo lake lilipatikana nyumbani, mezani. Mama mkwe wake, Bizunesh, ambaye kila mtu alimwita Etiye kwa heshima ya umri, alikuwa akiishi nao, na alikuwa akipanda treni kila siku, kwenda kanisani asubuhi na soko la Merkato baadaye. Kwa Ato Mezgebu, kuwa na abiria halisi ndani ya nyumba ilikuwa fursa ya utafiti.

"Etiye, leo umejisikiaje ndani ya treni?"

"Nimejisikia mkono mfukoni."

"Huo ni ukweli, Etiye. Mimi nauliza hisia."

"Hisia yangu ni kwamba mkono haukuwa wangu."

Ato Mezgebu akaanza kumweleza tofauti kati ya tukio na mtazamo wa tukio. Etiye Bizunesh alimsikiliza hadi injera, ule mkate mpana na laini, ikaanza kupoa. Kisha akakata kipande, akakichovya kwenye mchuzi mzito wa shiro, akakikunja tonge nene, akamtia mkwewe kinywani kwa mkono wake, katikati ya sentensi. Akafuatisha la pili. Akafuatisha la tatu, kwa sababu tonge moja peke yake ni kama salamu ya kununa, na mawili ni ya mtu mwenye haraka.

Ato Mezgebu alipokuwa akitafuna, machozi ya pilipili yakimtoka, aligundua jambo. Alikuwa ametulia. Hakuna mtu anayemwogopa aliyemlisha. Na mwenye tonge mdomoni hawezi kununa, hawezi kulalamika, wala hawezi kulijibu dodoso vibaya.

Wiki haikuisha kabla ya Programu ya Tonge la Usalama kuzinduliwa. Kila behewa lilipewa mama mmoja wa makamo, mwenye mtandio mweupe wa netela na sifa njema mtaani, akaketishwa kwenye kiti karibu na mlango na kikapu cha injera mapajani. Abiria akipanda ananawa vidole kwa maji ya birika, anachukua kipande, anamlisha jirani asiyemjua matonge matatu, naye analishwa matatu. Mwongozo ulikuwa na kurasa nyingi. Tonge lisizidi ukubwa wa ndimu. Jumatano na Ijumaa ni chakula cha mfungo tu, bila nyama. Asilishwe mtu wakati treni inakata kona. Mkaguzi wa tiketi anaruhusiwa kulishwa akiwa kazini, mradi atafune akiwa amesimama wima.

Kikapu cha behewa la kwanza alipewa Etiye Bizunesh. Kulikuwa na watu wenye midomo mirefu waliodai ni upendeleo, lakini zabuni ilitangazwa kwa uwazi kabisa, kwenye mlango wa friji, nyumbani kwa Ato Mezgebu, na hakuna mwombaji mwingine aliyejitokeza.

Watu walianza kwa kucheka, kisha wakazoea. Wanajeshi wastaafu waliwalisha wanafunzi wa chuo. Mabwana wa benki walifika kazini na shiro kwenye tai. Wahesabu mikoba walileta takwimu ambazo Ato Mezgebu alizisoma mara mbili mbili kwa furaha: mikoba yote mgongoni, nyuso zote zinatafuna.

Kulikuwa na kasoro moja ndogo ya kiutendaji. Mtu anayelishwa huinua kidevu na kutazama dari. Vijana wa mikoba miwili miwili waliipokea programu kwa moyo wote. Mmoja wao alisifiwa na abiria wengi kwa ukarimu wake, mkono wa kulia ukimlisha mzee wa watu taratibu kama mtoto, mkono wa kushoto ukiwa kwenye shughuli zake binafsi.

Lakini abiria nao si wajinga. Kulikuwa na kitu kimoja tu ndani ya treni ambacho hata mwizi hakuthubutu kukigusa, nacho ni kikapu cha chakula kilichoko mapajani mwa mama wa watu. Mwizi naye ana mama, na mama huyo ana mdomo. Siku moja mwalimu mmoja wa kike, akijifanya anachukua kipande, aliisukuma simu yake chini ya injera. Etiye Bizunesh akatazama dirishani. Kesho yake wakafanya hivyo watu watano, na wiki iliyofuata behewa zima. Simu, hereni, pesa za kodi ya nyumba, vyote vilisafiri chini ya injera na kurudishwa kwa wenyewe kila mmoja aliposhuka, vikiwa na harufu ya shiro. Mikoba mgongoni ilikuwa imejaa magazeti ya zamani. Vijana wa mikoba miwili miwili walianza kujua habari za dunia.

Kitengo cha Hisia hakikujua lolote kuhusu hayo. Hisia zilikuwa zimepanda na hakuna aliyeona sababu ya kuuliza kwa nini.

Pagume ikafika, na mvua zake. Asubuhi ya ukaguzi Ato Mezgebu alisimama kituoni kwa suti ya kijivu, mkoba mgongoni kwa mujibu wa waraka, macho yakiitafuta ngazi ya kushukia kwa mujibu wa hali halisi. Tolosa alikuwa ameshapewa maagizo: aendeshe kwenye barabara inayofuatana na reli, sambamba na behewa la kwanza, asipitwe, asitangulie, na awe tayari wakati wowote.

Etiye Bizunesh alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake. Ato Mezgebu alipoinama kumsalimu, alimnong'oneza.

"Nipe simu yako, mwanangu."

"Ya nini, Etiye?"

"Unataka kuiona tena au hutaki?"

Ato Mezgebu alitazama huku na huku. Watu wa televisheni walikuwa wakihangaika na nyaya zao. Akaitoa simu, ikazama chini ya injera. Alitamani kuuliza mengi, ila Weyzero Fantaye alikuwa anapanda.

Mkaguzi Mkuu alinawa vidole bila kutabasamu. Kisha, jambo lililowafurahisha sana abiria, alikwenda kumsalimu yule mama wa kikapu kwa heshima zote, shavu kwa shavu, na aliinama muda mrefu, hata netela yake ikakifunika kikapu chote. Ato Mezgebu alimwambia mpiga picha achukue hapo. Hiyo ndiyo hisia, alisema.

Treni ikaondoka. Watu walikuwa wamejaa hadi hewa ikawa haina pa kukaa. Mlango uliokuwa hapo karibu, ambao haufungi vizuri, ulikuwa umefungwa kwa waya (sasa ilijulikana waya wa kipaza sauti ulikwenda wapi). Ato Mezgebu alishika nguzo kwa mikono miwili na kuanza kumweleza Mkaguzi Mkuu, mbele ya kamera, jinsi abiria wa jiji hili walivyofikia utulivu wa ndani. Kupitia dirisha aliliona gari lake likija pembeni kwenye mvua, taa zikiwaka, na utulivu wa ndani ukamrudia kidogo.

Mzee mmoja mwanajeshi mstaafu alijitolea kumlisha Weyzero Fantaye. Tonge la kwanza lilipokelewa, na la pili pia. La tatu lilikuwa linakunjwa treni ilipopanda daraja, umeme ukakatika, na kila kitu kikasimama.

Taa zikazimika. Mvua ikasikika juu ya paa. Mlango ukayumba kwenye waya wake. Abiria hawakustuka, walikuwa wamezoea. Mtu mmoja akapiga miayo. Katika kiza kile mkoba wa Ato Mezgebu ulizunguka wenyewe kutoka mgongoni hadi kifuani, na mikono yake miwili ikaukumbatia. Mhesabu mikoba, aliyekuwa kazini, akamtazama mkuu wake kwa masikitiko na kuinua kidole kimoja kuhesabu.

Ndipo kikapu kikaita.

Kiliita kwa mlio wa tarumbeta za harusi, kwa sauti ya juu. Behewa zima lilikitazama. Etiye Bizunesh hakuwa mtu wa kuacha simu iite. Alifunua injera ya juu, akafunua ya pili, na kamera ikasogea na kuona simu zimelala pale safu kwa safu kama samaki wa kukaanga. Akaishika inayoita, akaifuta kwenye netela, akaipokea kwa spika, wote wasikie, kama alivyozipokea simu zote, kwa sababu hakuona kwa nini mtu aongee na sikio.

"Gashe, usiogope," ilisema sauti ya simu. "Nimefika. Niko hapa chini ya daraja, nakusubiri na gari kama kila siku. Wakifungua tu mlango shuka kwa ngazi ya dharura, mimi gari sijazima."

"Wewe nani?"

"Tolosa, dereva. Gashe yuko wapi?"

"Yuko hapa," alisema Etiye Bizunesh. "Amekumbatia mkoba."

Kicheko kilianzia nyuma ya behewa na kikaja mbele polepole, kama kilikuwa kinaomba njia. Weyzero Fantaye hakucheka. Aligeuka taratibu, na kamera ikageuka pamoja naye.

"Ato Mezgebu. Anaposema kama kila siku, anamaanisha nini?"

Ato Mezgebu alifungua kinywa atoe ufafanuzi wa kitaalamu. Aliutafuta kote alikozoea kuupata, hakuuona. Watu walikuwa wamembana kila upande, wakimtazama kwa karibu kuliko alivyowahi kutazamwa na abiria, na ilibidi ajibu huku wakimwangalia mdomo.

"Naogopa," alisema. "Nimeipanda treni hii siku ya uzinduzi tu. Niliibiwa kiatu nikiwa nimekivaa, na mpaka leo sijaelewa iliwezekanaje. Kila siku nakuja kwa gari, napanda ngazi hii, nashuka ile, najifuta jasho ambalo si la treni. Mlango ule unanitisha. Giza hili linanitisha. Nyaraka zote niliandika mimi, na hata moja singependa kuifuata."

Kisha kijana mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni, asiye na mkoba wowote, akauliza kwa adabu.

"Gashe, kiatu kilikuwa cheusi?"

"Cheusi."

"Cha kushoto?"

"Cha kushoto."

Kijana akatazama dari ya behewa.

Weyzero Fantaye alikuwa amejinyoosha kwa urefu wake wote. Alisema, kwa sauti iliyowafaa watazamaji wa nyumbani, kwamba amesikitika. Alisema kiongozi anayewaogopa wananchi anaowaongoza hana nafasi katika mwaka mpya. Alisema lile gari hapo chini litarudishwa leo leo, kabla ya saa sita, na kwamba yeye binafsi, akiwa mtumishi wa umma, haelewi kabisa mtu mzima anawezaje kupanda treni ya wananchi huku amepanga...

Kikapu kikaita tena.

Safari hii ulikuwa mlio wa kinanda, mpole, wa gharama. Etiye Bizunesh akachimba hadi injera ya chini kabisa, akatoa simu yenye kava jekundu lililopakaa shiro, akaipokea.

"Mheshimiwa, samahani," ilisema sauti ya mwanamume aliyekuwa amekasirika. "Kuna gari la reli limeziba nafasi yote chini ya daraja. Dereva wake hataki kunipisha, anasema bosi wake ndiye anayeogopa zaidi. Nimwambieje?"

"Unamtafuta nani, mwanangu?"

"Namtafuta Weyzero Fantaye. Mwambie niko hapa, nimemfuata tangu kituoni kama alivyoniagiza."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa na hamu ya kusikia. Kutoka chini ya daraja zilisikika honi mbili zikijibizana. Mpiga picha, kijana mwenye kipaji, alianza na simu yenye kava jekundu, akapanda nayo polepole hadi usoni mwa Mkaguzi Mkuu, na nyuma yake mhesabu mikoba akaonekana akiinua kidole cha pili. Mkoba wa ngozi wa Weyzero Fantaye, ambao kituoni ulikuwa unaning'inia begani, ulikuwa umeshafika kifuani.

"Ni yangu," alisema.

Ato Mezgebu alitazama viatu vyake. Vyote viwili vilikuwepo bado.

"Nipe nimpigie," alisema Weyzero Fantaye kwa sauti ndogo, akanyoosha mkono. "Nipe, Etiye. Na ya Ato Mezgebu mpe. Tutashuka hapa hapa kwa ngazi."

Etiye Bizunesh alizima simu zote mbili, akazirudisha chini, akazifunika kwa injera ya kwanza, ya pili na ya tatu, akailainisha ile ya juu kwa kiganja kama mtu anayetandika kitanda.

"Simu za behewa hili zinatoka mtu akifika kwao," alisema. "Ninyi kwenu ni kituo cha mwisho, huko ndiko mlikotangaza mnakwenda. Mpaka huko hakuna atakayewagusa."

Kisha akakumbuka kwamba mgeni alikuwa amelishwa matonge mawili tu, jambo ambalo lingemtia mtu aibu mbele ya televisheni. Akamwomba yule mwanajeshi mstaafu apishe kidogo. Akakata kipande kikubwa, akakichovya, akakikunja, likawa tonge lililozidi ndimu kwa mbali.

"Fungua kinywa, binti yangu," alisema.

Weyzero Fantaye alitazama mlango wenye waya, akamtazama kijana asiye na mkoba, akatazama kamera. Halafu akainua kidevu, macho darini, mikono yote miwili ikiwa imeshika mkoba kwa nguvu, akafungua.